Zimwi Lenye Adabu

Mimi siogopi mazimwi. Ninachoogopa ni vikao, hasa kile kinachoanza kwa mtu kusema kwamba leo hatutachukua muda mrefu.

Kikao kile kilianza hivyo hivyo. Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kituo cha televisheni, chenye meza ndefu ajabu na kiyoyozi kinachodondoshea maji yake kwenye ndoo. Upande wa dirishani alikaa Meneja wa Vipindi, mtu mpole ambaye hukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho. Mkabala naye alikaa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, mwenyekiti wa kamati inayopitia kila kipindi kabla hakijarushwa. Jina lake liliandikwa kwenye kibao mlangoni kwake, lakini jengo zima, kuanzia walinzi mpaka wasomaji wa taarifa ya habari, lilimwita Mama Maadili, na yeye alijua na alipenda. Mimi nilikalia kiti kilichobaki, kile chenye mguu unaocheza, kwa sababu mimi ni mwandishi wa miswada, na viti vya namna hiyo vimetengwa kwa ajili yetu.

Katikati ya meza kulikuwa na kitabu cha katuni. Kitabu cha dada yangu.

Kinaitwa Zamu. Kama wewe hukukisoma, basi kuna mtu kwenu amekisoma na amekificha chini ya godoro. Hadithi yake unaweza kuisimulia ukiwa umesimama kwa mguu mmoja: kuna mji, na katika mji huo anatembea Mwenye Zamu. Zamu ya mtu ikifika, anamjia nyumbani, anavunja mlango, anamchukua. Ana taya linalofika kifuani, nywele zinazochuruzika maji, na makucha ambayo dada aliyachora moja moja kwa wino mweusi mpaka unayahisi kisogoni. Hakuna mganga anayemweza wala askari anayemkamata. Watu wanaoa, wanagombana, wanasuka nywele, wanajua atakuja.

Meneja alikitaka kiwe tamthilia ya kurushwa mara tu baada ya taarifa ya habari, saa ambayo baba, mama, bibi na watoto wote wamejazana sebuleni. Mdhamini alikuwa kampuni ya sabuni. Meneja alitaka vijana waache simu zao waangalie, na bibi naye asizimie. Kazi ya kuwapatanisha hao wawili ilikuwa yangu.

Sasa nieleze kwa nini ilikuwa yangu. Dada yangu ni mtu mgumu. Nasema hivyo kwa mapenzi, na pia kwa sababu ni kweli. Watoto wa mtaani kwake wanamwita Dada Wino, maana vidole vyake havijawahi kutakata tangu wamjue. Watu wa filamu walikuwa wamemwendea kabla yetu, wengine na mikoba ya ngozi na maneno matamu, na wote waliishia kibarazani. Mimi alinipa kitabu kwa sababu ni mdogo wake wa mwisho na yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Kitinda, kifupi cha kitindamimba, hata mbele ya watu ninaotaka waniheshimu.

Siku aliyokubali nilimkuta mezani kwake karibu na dirisha, brashi zimesimama kwenye kopo la maziwa. Hakuinua macho.

"Makucha mpunguzieni mkitaka," alisema. "Urefu pia, maana najua hamna mwigizaji wa kufika darini. Damu itoeni yote. Damu aliitaka mchapishaji. Lakini mlango avunje."

"Atavunja."

"Kitinda, nitazame."

"Nimekutazama, dada."

"Anavunja mlango. Habishi, haiti, hasubiri. Wakilibadilisha hilo nawe upo, usije kunionyesha uso wako hapa."

"Nimesikia."

"Apa."

Nikaapa. Nilisema haki ya mama, na sisi wawili haki ya mama hatuitaji ovyo.

Alikuwa na sababu. Mama yetu alitoka asubuhi kwenda kazini mzima kama sisi, na mchana hakuwepo tena duniani. Moyo tu, walisema, ulisimama. Dada alikuwa chumba cha ndani akijisomea mtihani. Alichosikia, kwa maelezo yake, ni kishindo kimoja kikubwa na kilio, kana kwamba kitu kimevunja mlango na kuingia. Alipotoka kwenda sebuleni hakuwa na mama. Alipokuwa mtu mzima akakichora kile kishindo, akakipa taya na nywele. Mimi nilikuwa mdogo siku ile na ninaikumbuka kwa namna nyingine, lakini hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia.

Basi turudi kikaoni. Mama Maadili alikivuta kitabu kwa ncha za vidole, akakifungua, akapitia kurasa taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Kitabu kizuri," alisema. "Karatasi yake nzito. Tatizo langu ni hili zimwi. Tabia zake."

"Ni zimwi, mama."

"Najua ni zimwi, nina macho. Lakini linaingia kwa watu bila hodi. Watoto watajifunza nini?"

Nilimtazama Meneja. Meneja alikuwa anaitazama ndoo.

"Haliwasalimii wakubwa," aliendelea. "Hapa limeingia na matope mpaka sebuleni, na mdhamini wetu anauza sabuni. Na huku linaongea na chakula mdomoni."

"Si chakula, mama. Huyo ni baba mwenye nyumba."

"Ndiyo, na halijamaliza kumtafuna linaongea."

Niliuma meno. Nikamweleza, kwa upole ambao sikuwa nao, kwamba zimwi likivunja mlango watu wanaelewa kwamba hakuna pa kujificha, na kwamba mlango ndio hadithi yenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Hilo ndilo linaloudhi kwake: anasikiliza.

"Mwanangu," alisema, "sikukatazi zimwi lako. Watoto wanapenda mazimwi, wangu walipenda. Ninachotaka liwe na adabu. Libishe hodi. Lisubiri likaribishwe. Livue viatu. Lisalimie wakubwa na watoto. Na kama lazima liondoke na mtu, basi liage."

"Kwa kweli Mama ana hoja," alisema Meneja.

"Mlango ukibaki mzima, hadithi imekufa," nilisema.

"Na wewe pia una hoja," alisema Meneja. Kisha akanyoosha karatasi zake, na nikajua ameshaamua. "Iwe kama alivyosema Mama. La sivyo nafasi hiyo tunaipa kipindi cha bustani."

Utaniuliza kwa nini sikuinuka nikaondoka na kitabu changu kwapani. Kitabu hakikuwa changu tena, wala cha dada. Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini, na kama ningesusa, mswada ungepewa jamaa mmoja wa chumba cha pili anayeandika vichekesho vya mwenye nyumba na wapangaji. Huyo angemvalisha Mwenye Zamu mkia na kofia. Nikiandika, nimevunja kiapo. Nisipoandika, kiapo kimevunjika bila mimi, na dada yangu ataona mkia na kofia sebuleni kwake. Nilibaki nimekalia kile kiti chenye mguu mbovu, nikapepesuka kidogo, nikasema nitaandika.

Nilifika nyumbani na hasira za kuuma meza. Nikajiambia: mnataka adabu? Nitawapa adabu mpaka iwatokee puani. Hakuna kosa nililoacha. Kila walichotaka nilikiandika, na zaidi ya walichotaka.

Nilimnyang'anya Mwenye Zamu taya lake na makucha yake. Nikamvika shati safi lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni. Akafika kwenye nyumba ya kwanza mchana kweupe, akasimama mlangoni, akasema hodi. Ndani wakauliza, "Nani?" Naye akajibu, "Ni mimi." Nilipoandika hivyo nikacheka peke yangu, maana nani kati yetu amewahi kujibu vingine? Maisha yangu yote nimesikia watu wakisema ni mimi, na maisha yangu yote milango imefunguliwa.

Wakamfungulia. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya viatu vya wenyewe. Akawasalimia wakubwa, akaitikia salamu za watoto, akawauliza shule inaendeleaje. Akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akashukuru. Kisha akamgeukia mama wa nyumba ile, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbusha ahadi ndogo, "Basi, twende?" Na yule mama akainuka, akajipangusa mikono, akaenda. Hakuna kilio wala damu. Mgeni aliwaaga wote mmoja mmoja. Mlango ukarudishwa taratibu, na pale kizingitini zikabaki kandambili za yule mama, zimepangwa sawasawa, vidole vikielekea nje.

Hapo mkono wangu ukasimama.

Kandambili zile nilizijua. Zilikuwa za kijani, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Mama alizivua asubuhi alipovaa viatu vya kazini, na zilikaa mlangoni kwetu muda mrefu baadaye, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa. Watu waliokuja kutupa pole walizikwepa. Mimi nilizipita nikienda shule na nikirudi.

Na siku ile mtu alibisha hodi. Hicho ndicho ninachokumbuka mimi. Ilikuwa sauti ya upole. Niliuliza nani, akasema ni mimi, nikamfungulia kwa sababu nilikuwa mtoto na nilifundishwa kukaribisha wageni. Alikuwa mwanamume wa kazini kwa mama, ametumwa, shati safi, macho chini. Alivua viatu. Aliniuliza mkubwa wangu yuko wapi. Aliomba maji, nikampa, akayanywa yote polepole kama mtu anayetaka yasiishe. Kisha baba akaja sebuleni, akaketi, na yule mtu akamwambia. Kile kishindo ambacho dada amekichora maisha yake yote kilikuwa ni baba yetu akianguka na kiti chake.

Mlango haukuvunjika. Niliufungua mimi, nikasema karibu.

Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Nilipomaliza, hasira ilikuwa imeondoka na sikuwa namwadhibu mtu tena. Niliurudia mswada toka mwanzo, nikauandika kwa dhati.

Siku ya kuusoma kwa sauti tulikusanyika kwenye chumba kile kile, ndoo pale pale. Kulikuwa na mwigizaji mmoja pande la mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya kunguruma. Alikuwa amejizoeza kunguruma kwa bidii mpaka sauti imemkauka, na alipoambiwa zimwi sasa linasema "shikamooni" alisikitika sana. Tukampa nafasi ya baba wa nyumba, ambaye hana maneno mengi. Nafasi ya Mwenye Zamu mwongozaji alimpa Mzee wa Mvua.

Mzee wa Mvua ndiye msomaji wetu wa utabiri wa hali ya hewa. Anapendwa kupita kiasi. Ameitabiria nchi mvua tangu mimi niko shule, na isiponyesha watu huilaumu mvua, si yeye. Ana sauti ya kukufunika shuka. Aliingia ameshika chai yake, akatusalimia wote, akavaa miwani, akaangalia karatasi.

"Hodi, wenyewe," alisoma.

Mwigizaji wa kike aliyechukua nafasi ya mama alitakiwa aulize nani. Hakuuliza. Alikuwa ameikodolea macho karatasi yake.

Mwongozaji akamgusa. "Ni zamu yako."

"Najua," alisema yule mwigizaji. "Sitaki."

Ilibidi aombwe. Akasema "Nani?" kwa sauti ambayo haikuwa ya kuigiza, na Mzee wa Mvua, bila haraka, akiwa na tabasamu lile lile la mawingu mepesi kuelekea alasiri, akajibu, "Ni mimi." Walipofika pa kuomba maji, mhandisi wa sauti aliyekuwa amesimama karibu na mlango aliufunga kwa komeo. Walipofika pa "Basi, twende?" Meneja wa Vipindi alisema samahani, ana simu ya kupiga, na hakupiga simu yoyote. Alikaa tu akiwa ameishika.

Mama Maadili alikuwa na kalamu yake nyekundu. Alipitia ukurasa hadi ukurasa, kalamu inaning'inia hewani, ikishuka kidogo na kupanda tena. Alitafuta. Namna alivyotafuta, nilimwonea huruma.

"Amesalimia?" aliuliza mwishoni.

"Amesalimia, mama."

"Viatu?"

"Amevua."

"Na ameaga?"

"Amewaaga wote, mama. Mmoja mmoja."

Akaifunga kalamu. Alisema hana pingamizi. Kisha akamwomba Meneja amsindikize ofisini, eti karatasi ni nzito, na alikuwa ameshika karatasi chache tu.

Dada sikumwambia kitu. Alinipigia mara kadhaa wakati tunarekodi, akauliza mlango vipi, nami nikawa naongea habari za taa na kamera mpaka anachoka. Woga wangu ulinivaa vizuri siku hizo. Nilijua kipindi kikirushwa atakiona, na nilijua aliyosema ni maneno ya kweli, hajawahi kutishia kitu akakosa kukitenda. Tangu baba naye afariki, huyo ndiye mtu pekee niliyebaki naye ambaye alimjua mama yangu. Nikimpoteza, sina wa kumuuliza hata mama alikuwa akicheka vipi. Usiku wa kwanza wa kipindi nilizima simu, nikazima na televisheni.

Asubuhi nilitoka kwenda kazini na kukuta mtaa umeharibika.

Muuza gesi alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yangu, mtungi begani, jasho linamtoka. "Hodi," anasema. Kimya. "Hodi humu ndani. Si mmeniita wenyewe?"

"Nani?" ikatoka sauti.

"Ni mimi."

Nikasikia komeo la pili likifungwa.

Kizingiti baada ya kizingiti viatu vilikuwa vimetupwa shaghalabaghala, vingine mgongo chini, kimoja kimefika bustanini. Fundi bomba aliniambia amezunguka nyumba zake zote na hakuna aliyemfungulia, mpaka alipobuni ujanja wa kupiga mlango mateke na kutukana, ndipo wakamkaribisha kwa furaha. Kazini simu zilikuwa zinalia vyumba vyote. Nusu ya watu walilalamika, na hao hao kabla ya kukata waliuliza sehemu inayofuata ni lini. Kampuni ya sabuni ilikuwa imefurahi, ingawa wasambazaji wake walikuwa hawafunguliwi.

Mzee wa Mvua alikaa peke yake kantini. Kila meza aliyoisogelea, watu walikumbuka kazi. "Hata nyumbani," alinilalamikia, "mke wangu ananiambia niache kusalimia salimia."

Mama Maadili aliniita ofisini kwake. Nilimkuta ameegemea kiti, bega moja limefungwa bandeji.

"Mwandishi," alisema, "nina wajukuu kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Jana nilikaa kazini kuangalia kipindi hapa hapa. Nikarudi nyumbani. Nikabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Wakauliza nani, nikasema ni mimi, bibi yenu. Wakaniambia hata yeye angesema hivyo." Alijigusa bega. "Nimewabembeleza. Nimewasalimia mpaka basi. Kila nikiongeza adabu wanazidi kulia."

"Ukafanyaje, mama?"

Alinitazama kwa muda, na nilijua ananichunguza kama nitacheka.

"Nimevunja mlango," alisema.

Sikucheka. Nilijizuia mpaka korido ya tatu, ambako nilikaa chini na kucheka hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Na katikati ya kile kicheko nikamkumbuka dada, kicheko kikakatika. Niliwasha simu. Hakuwa amepiga hata mara moja. Nikampigia mimi, ikaita mpaka ikachoka. Nikarudia, vile vile. Dada yangu akiwa na ugomvi na mtu hupokea simu haraka kuliko umeme. Kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Alasiri nilikwenda kwake. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilitunga kumlaumu Mama Maadili, nikayafuta. Nilitunga kumlaumu Meneja, nikayafuta. Nilipofika mlangoni sikuwa na kitu chochote zaidi ya mikono yangu miwili.

"Hodi," nilisema.

Kimya. Lakini alikuwepo. Nilisikia brashi ikirudishwa kwenye kopo, kwa uangalifu, chuma kikalia kidogo.

"Hodi, dada."

Hakufungua. Nikajiambia, basi, imekwisha, alisema nisimwonyeshe uso na hatauona. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimesimama kibarazani kwa dada yangu, natamani anitukane.

"Dada, ni mimi."

Ndani kitu kizito kikasukumwa sakafuni, kikaja kikagota kwenye mlango. Nafikiri ilikuwa meza yake ya kuchorea.

"Mimi nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu nizaliwe.

"Kitinda."

"Mtaa mzima unajua jina hilo."

"Dada, fungua basi."

"Sema kitu ambacho yeye hakijui."

Ndipo nikaelewa. Dada yangu hakuwa amekasirika. Dada yangu, aliyemchorea Mwenye Zamu taya lote na makucha yote, aliyekaa naye mezani miaka yote na kumnolea kucha, alikuwa amejifungia ndani kwa woga kama wajukuu wa Mama Maadili. Kicheko kilinifika mdomoni. Kisha nikatafuta kitu ambacho Mwenye Zamu hakijui, na nilikuwa nacho kimoja tu.

"Siku ya mama," nilisema, "mlango haukuvunjika. Mtu alibisha hodi. Mimi nilimfungulia. Alikuwa mtu wa kazini kwake, alivua viatu, aliomba maji. Kile kishindo ulichosikia ni baba. Alianguka na kiti."

Nilisikia nyayo zake zikisogea.

"Maji alinywea kikombe gani?" aliuliza.

"Cha mama. Kile chenye ua la bluu. Ndicho kilichokuwa karibu."

"Nilikikuta mezani," alisema. Alikuwa karibu sana na mlango sasa. "Kilikuwa kimebaki tone moja. Miaka yote nilijiuliza nani aliyethubutu kukinywea."

Meza ikasukumwa kando. Mlango ukafunguka, kwanza kidogo, kisha wote. Alikuwa na wino shavuni na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasita kwenye miguu.

"Uliapa haki ya mama," alisema.

"Niliapa."

"Ukavunja kiapo badala ya mlango."

"Ndiyo, dada."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alijipangusa uso kwa kiganja, akaueneza ule wino hadi sikioni. "Wangu anatisha watoto," alisema. "Huyu wako nimemkaribisha mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu, amesema hodi nikajikuta nimeitikia karibu. Halafu nikaziona zile kandambili." Nikataka kumshika mkono, akanipungia niingie.

Niliinama kuvua viatu. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikaviweka kando ya vyake, kimoja sambamba na mwenzake, vidole vikielekea nje.

Dada alivitazama. Akanyoosha mguu, akakipiga kimoja teke kikabiringika mpaka kwenye beseni la kufulia. Cha pili akakipindua kikalala mgongo chini, soli juu.

"Kwangu hapa usipange viatu," alisema. "Ingia."